Kiu ya Marehemu

Sehemu ya Tisa

Tulimwacha Mai Netsai chini jikoni kwake, mchana kweupe, kata ya maji imemponyoka mkononi, na mlangoni amesimama mumewe aliyezikwa mwaka jana. Koti lile lile la kijivu. Kofia ile ile iliyobonyea upande mmoja. Na sauti ile ile: "Mai Netsai, nipe maji."

Wapo walionisimamisha sokoni Murambinda wakitaka niwanong'oneze kama mwanamke yule amekufa. Hakufa, jamani. Alitamani afe, maana mwenye koti aliingia ndani.

Akaja mpaka alipolala. Akainama. Akamshika bega, na mkono wake ulikuwa wa moto.

"Niache, Baba Netsai!" alilia. "Si mimi niliyekunyima. Ni madaktari!"

"Baba Netsai gani? Hebu nitazame vizuri, shemeji. Marehemu alikuwa na meno."

Kofia ikavuliwa. Chini yake ukatokea upara wa Tichafa, mtani wa ukoo wa marehemu, akina Mukwada, mtu ambaye tangu ujana wake kazi yake ni kuwachekesha wafiwa na kuwatukana marehemu mbele ya majeneza yao. Koti na kofia alipewa yeye siku ya kugawa nguo za marehemu, kwa haki ya utani, na tangu hapo alikuwa havivui hata jua likiwaka.

Mai Netsai akacheka. Akacheka mpaka machozi yakaanza tena.

"Umenitia wazimu, mtani. Ndiyo nini kuniomba maji kwa sauti yake?"

Tichafa hakucheka, na mtu wa kazi ile asipocheka ujue pana jambo.

"Mimi sijaomba maji," alisema. "Nimefika nimekukuta umelala chini, unabishana na chungu."

Walitazamana. Kule kwenye kona chungu cha maji kilikuwa kimetulia, kimefunikwa sahani yake. Mai Netsai alijivuta hadi ukutani akaegemea. Hakutaka kukipa mgongo.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, nikukumbushe kwa ufupi. Jeremaya Mukwada aliuawa na moyo. Moyo ulichoka kusukuma, miguu ikajaa maji, kifua kikajaa maji, na hospitali wakamwambia mkewe: apewe maji kidogo kwa kipimo, zaidi ya hapo atazama ndani ya ngozi yake mwenyewe. Siku ya mwisho alikuwa ameshakunywa kipimo chake. Akaomba tena. Mkewe akakataa, kama alivyoagizwa. Akaomba tena na tena, kisha akanyamaza, na alipokata roho macho yake yalikuwa yametazama chungu.

Miguuni pa kitanda siku ile alikuwa ameketi dada yake, Rosiwita, ambaye ukoo mzima humwita Tete, yaani shangazi. Tete aliona yote. Hajasahau hata neno moja.

Na sasa Jumamosi ilikuwa inakuja. Jumamosi ya kumrudisha marehemu nyumbani, pombe imwagwe kaburini, ngoma zipigwe, roho yake iingie uani ikae na watu wake. Siku hiyo mjane huruka rungu la mumewe mbele ya watu wote. Akivuka sawasawa, amejitunza tangu mazishi, na nyumba ni yake mpaka kufa. Akiyumba, akianguka, au akikataa, basi amechukua mwanamume kaburi likiwa bichi. Atafunga vyungu vyake arudi kwao, na hakuna wa kumkatia rufaa.

Mai Netsai hakuwa na mwanamume. Alichokuwa nacho ni miguu isiyomtii. Usiku misuli ya miguu ilimkaza mpaka akauma blanketi, na mchana akisimama ghafla nyumba nzima ilizunguka. Kisha wakati wowote, saa ya jua kali hasa, mumewe alikuja kuomba maji.

Kivuli kikaziba mlango. Safari hii ni Tete mwenyewe.

"Ameanguka tena?"

"Ameteleza," alisema Tichafa.

"Kwenye sakafu kavu?" Tete alimtazama wifi yake kuanzia kichwani hadi vidoleni. "Na Jumamosi utateleza juu ya nini, wifi? Juu ya rungu la ndugu yangu?"

"Tete, mimi naumwa."

"Mwenye dhamiri safi hatembelewi saa sita ya mchana. Ndugu yangu anakudai maji. Mlipe."

"Nitamlipaje mtu aliyekufa?"

"Hilo ungelijua akiwa hai."

Tichafa alishavaa kofia yake. Akamshika Mai Netsai kwapani, akamnyanyua, akaanza kumkokota kuelekea nje, kwenye mkokoteni wake wa punda.

"Unampeleka wapi?" aliuliza Tete.

"Kliniki."

"Kliniki! Tangu lini sindano ikamfukuza marehemu?"

"Tete, ikiwa ni marehemu atasubiri, ameshazoea. Ikiwa ni ugonjwa, huo hausubiri."

*

Sista Mavhunga, muuguzi wa kliniki yetu, si mtu wa maneno mengi. Alimpima presha amelala, akaguna. Akamsimamisha akampima tena, na safari hii hakuguna, alimwahi asianguke. Akamwambia atoe ulimi.

"Umekauka kama ngozi ya ngoma. Mama, unameza nini?"

"Vidonge vyangu vya presha."

"Vingapi?"

"Viwili asubuhi. Changu na cha Baba Netsai."

"Baba Netsai naye ana presha?"

"Alikuwa nayo."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi yuko kaburini."

Sista akaiweka kalamu mezani.

"Nionyeshe."

Mai Netsai alifungua fundo la kanga yake. Vidonge viwili: kimoja kidogo kile alichopewa hapa hapa kliniki, na kingine cheupe ambacho Sista hakuwahi kumpa. Tichafa alipokiona hicho cha pili, mtani yule mwenye ulimi wa upupu aliangalia miguu yake.

Maana alikikumbuka. Siku ya kugawa nguo alitia mkono mfukoni mwa koti la kijivu, mbele ya watu wote, akatoa kifuko cha plastiki kimejaa vidonge. Na yeye, kwa mzaha wake, akakipeperusha hewani: "Hiki hapa ndicho alichomwachia mkewe! Dawa iliyokuwa ikimwamsha kutwa kucha kwenda kukojoa. Na yeye naye aende, aone raha!" Watu walicheka wakashika mbavu. Tete peke yake hakucheka. Kifuko kikatupwa mapajani kwa mjane, na hapo mchezo ukawa umekwisha kwa kila mtu isipokuwa yeye.

Kwetu ulichogawiwa cha marehemu hukikatai. Hukitupi pia, maana ukikitupa umemtupa mwenyewe. Mai Netsai alikitundika kwenye msumari juu ya kitanda, na asubuhi iliyofuata akameza kimoja.

"Kwa nini, Mama?" aliuliza Sista.

"Ni dawa ya presha. Na presha ninayo. Na hizi zilitoka hospitali kubwa." Akasita. "Halafu tulikuwa tukimeza pamoja. Kila asubuhi, hapo jikoni, kikombe kimoja. Yeye anaanza, mimi namalizia. Nilipokimeza hicho niliona kama bado tunameza pamoja."

Nami niliposimuliwa hapo niliomba nirudiwe. Lakini Sista ana wagonjwa wengine nje.

"Sikiliza. Hiki chako ni kidonge cha maji. Kinaziambia figo zitoe chumvi na maji yaliyozidi, mishipa inapata nafuu, presha inashuka. Ni kizuri, kimewaweka wengi hai. Hiki cha mumeo nacho ni cha maji, lakini ni cha mtu aliyevimba, moyo umeshindwa. Hiki hakiyaombi maji yatoke, kinayafukuza. Wewe hukuvimba. Umevimeza vyote viwili na umejikamua kama nguo. Maji yametoka, chumvi imetoka, na yale madini yanayoshika misuli na moyo yametoka. Ndiyo maana miguu inakaza. Ndiyo maana ukisimama unaanguka."

"Na Baba Netsai?"

"Amefanya nini?"

"Anakuja."

Sista alimtazama Tichafa. Tichafa akaitikia kwa kichwa.

"Kiu ikikushika unakunywa nini?"

"Maji. Chungu kinaisha kabla jua halijazama."

"Na chumvi unakula?"

"Niliacha kabisa. Si mlisema mbaya kwa presha?"

"Tulisema upunguze, Mama, si ule bila chumvi kama mizimu! Chumvi imeisha mwilini, na juu yake unamimina maji matupu. Ubongo unavimba. Mtu anaona wasiokuwepo, anasikia wasiosema. Pale kitandani palilala mzee mmoja akiswaga ng'ombe wa baba yake kutwa nzima, na ng'ombe wenyewe walikufa zamani za ukame."

"Kwa hiyo si yeye."

"Si yeye. Ni vidonge vyake."

Ungedhani angeruka kwa furaha. Alijifunika uso kwa kanga akalia kwa uchungu kuliko alivyolia msibani.

"Kwa hiyo hakuja," alisema. "Hata mara moja hakuja."

Tichafa alitoka nje akaenda kuzungumza na punda.

Walimtundikia dripu ya maji ya chumvi, damu yake ikapelekwa hospitali kupimwa, na kidonge chake kidogo nacho kikaambiwa kipumzike mpaka Sista mwenyewe aseme kirudi. Dripu ikidondoka, Mai Netsai aliuliza swali alilokuwa amelibeba mwaka mzima.

"Sista, siku ile. Kikombe kimoja kingemuua?"

Sista alipunguza kasi ya dripu. Angeweza kusema uongo mwema na mimi nisingemlaumu.

"Moyo wake ulikuwa umekwisha, Mama. Kikombe kimoja kisingemuua. Wala kisingemwokoa."

"Lakini angekufa amekunywa."

Sista akamvutia blanketi hadi mabegani.

Walipokuwa wanaondoka kesho yake, Sista aliwafuata mpaka kwenye mkokoteni. "Kile kifuko kirudi hapa, vyote vilivyobaki. Dawa ya mtu haimezwi na mwenzie, hata kama ni mume. Na akizidiwa tena, huyu au yeyote aliyevimeza, msije mkammiminia maji matupu mkidhani mnamsaidia. Hayo ndiyo yatakayommaliza. Mkimbizeni hapa haraka. Kama ana akili zake na anameza vizuri, supu yenye chumvi, kidogo kidogo. Mmenisikia?"

"Tumesikia," alisema Tichafa.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Asipewe maji." Mai Netsai alitabasamu tabasamu baya. "Hiyo kazi naijua."

*

Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Tichafa alifika nyumbani akaingia moja kwa moja chumbani kwa mjane. Msumari ulikuwepo. Kifuko hakikuwepo.

"Tete, vile vidonge viko wapi?"

"Nimevitupa chooni," alisema Tete bila kugeuka. Alikuwa anachambua ulezi wa pombe.

"Umetupa vitu vya marehemu? Wewe?"

"Si mnasema ni sumu? Kwamba ndugu yangu alikuwa akila sumu miaka yote mkimtazama?"

"Hakuna aliyesema sumu. Kwake vilikuwa dawa, kwa mwenzie ndiyo..."

"Mtani, nenda ukalishe punda wako."

Akaenda. Alifurahi vimetupwa, na mzigo wa mzaha wake ulikuwa umempungua.

Sasa msomaji, mimi sisemi kitu. Nasema habari za viatu tu. Tete aliposhuka basi la kutoka Bulawayo miguu yake ilikuwa imevimba, naye ana presha yake na vidonge vyake vya huko mjini, na viatu vyekundu alivyonunua kwa ajili ya Jumamosi vilikataa kumwingia. Alishinda amevaa ndala akinung'unika. Lakini kufikia Alhamisi wanawake waliokuwa wakikoroga pombe walimwona akipita na viatu vyekundu, miguu imenywea vizuri, mgongo umenyooka.

"Tete, umependeza!"

"Sisi watu wa Moyo hatuzeeki," aliwajibu, akilitaja jina la sifa la ukoo wao, akapita haraka kuelekea nyuma ya ghala. Akarudi, akanywa kata nzima ya maji. Baada ya muda mfupi akapita tena kuelekea nyuma ya ghala.

Mai Netsai siku hizo alikuwa anakula sadza, ugali wa kwetu, na supu yenye chumvi, kidogo kidogo, kama alivyoagizwa. Dunia ilianza kutulia. Chungu kilikuwa chungu tu. Saa sita za mchana zilikuja zikapita, hakuna aliyesimama mlangoni, na mara mbili tatu alijikuta ameacha kazi, anautazama mlango ule.

*

Jumamosi ukoo wote ulijaa uani. Pombe ilimwagwa kaburini, marehemu akaitwa kwa jina lake la ukoo aje nyumbani, ngoma zikamsindikiza. Nyama ya wazee ilipikwa kama inavyopikwa siku hiyo, bila chumvi, na hata kopo la chumvi lilitolewa jikoni likafichwa kwa jirani, maana wazee waliolala hawaitaki.

Tichafa alikuja na koti na kofia, akitembea kama Jeremaya, akikohoa kama Jeremaya, akidai chai yenye sukari nyingi kama Jeremaya. Watu walilia na kucheka kwa wakati mmoja. Kisha akalilaza rungu chini, katikati ya uwanja, na kicheko kikakatika.

"Apige magoti kwanza," alisema Tete kutoka kwenye kiti chake. "Amsalimie mumewe."

Mai Netsai akapiga magoti juani. Tete akaanza kuitaja sifa ya ukoo. Aliitaja yote. Mito waliyovuka, milima waliyolala, mababu mmoja baada ya mwingine, hata wale ambao watu walikuwa wameshawasahau, na wifi yake pale chini, jasho linamtiririka. Alijua anachofanya. Alikuwa amesikia habari ya mtu anayeanguka akisimama ghafla.

"Sasa inuka. Ruka."

Mai Netsai hakuinuka. Alichezesha vidole vya miguu kwanza, damu ipate kupanda. Akanyanyua goti moja, akatulia.

"Anaogopa," mtu alinong'ona.

"Ana cha kuogopa," akajibiwa.

Alinyanyua goti la pili, na hapo msuli wa mguu wa kushoto ukamkaza. Aliinama nusu, mkono juu ya paja, rungu liko mbele yake pale pale. Umati ukaanza kuvuma.

"Mnamharakisha nini?" Ilikuwa sauti ya Jeremaya, kutoka kinywani mwa Tichafa. "Mimi mwenye mke nilimngoja miaka yote hiyo kila Jumapili, anajipamba, ibada inakwisha sisi bado tuko nyumbani! Leo ninyi mna haraka ya kwenda wapi? Pombe si ipo?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wazee walipangusa macho. Kicheko kilidumu, na msuli ukalegea, na Mai Netsai akasimama wima. Mguu mmoja ukavuka. Wa pili ukaufuata. Akasimama upande wa pili, hajayumba hata kidogo.

Vigelegele vilipasua anga. Nyumba ni yake. Jina ni lake. Wanawake walimkimbilia, mmoja akamtia mkononi kata ya maji ili awanyweshe wageni, kazi ya mama mwenye nyumba.

Ilibaki Tete. Ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kumkumbatia. Watu walimpisha njia.

Tete aliinuka kwenye kiti kwa ghafla. Akapiga hatua, akasimama. Uso wake ulikuwa umepauka, midomo imepasuka. Hakumtazama wifi yake. Alitazama kule kwenye ghala, mahali pasipo na mtu, na sauti yake ilikuwa laini kama ya msichana.

"Jeremaya," alisema. "Mbona umevua kofia juani?"

Tichafa alishika kofia. Ilikuwa kichwani kwake.

Tete akaanguka. Alianguka kifudifudi juu ya rungu la ndugu yake, kiatu chekundu kikaruka kikaenda zake, na kifuani mwake kikachomoka kifuko cha plastiki kilichokuwa kimebakiwa na vidonge vya kuhesabu. Mficha maradhi, mnajua wenyewe.

Mai Netsai ndiye aliyekuwa karibu. Alipiga magoti, akakiinua kichwa cha Tete akakiweka mapajani.

"Tete, ulivimeza vingapi?"

"Vya ndugu yangu havitupwi," Tete alinong'ona. Ulimi ulikuwa mzito. Macho yake yalitangatanga, yakaiona kata. "Maji. Nipe maji."

"Mpe maji!" mtu alipiga kelele.

"Mpe! Mpe maji haraka!"

"Mai Netsai, umeganda nini? Mpe maji mtu wetu!"

Alikuwa ameganda kweli. Kata iko mkononi, imejaa, na uwanja mzima unatazama mkono huo. Maneno ya Sista alikuwa nayo kichwani, hata moja halikupotea: hayo ndiyo yatakayommaliza. Na alijua vilevile kwamba Tete akifa mapajani mwake, atakuwa mtu wa pili wa damu ile kufa akimwomba maji, na hapo hakuna rungu la kuruka, hakuna Sista wa kumtetea, hakuna nyumba. Kikombe kimoja tu. Wote wangemwona akitoa. Hakuna ambaye angemlaumu.

Tete alishika kifundo cha mkono wake. "Wifi," alisema. Hakuwahi kulitamka neno hilo kwa upole tangu mazishi. "Nakuomba."

Mai Netsai akaigeuza kata. Maji yakamwagika mchangani, yote, mbele ya ukoo mzima.

"Hanywi," alisema.

Ngoma ilikuwa imekwishanyamaza. Watoto walivutwa nyuma ya mama zao.

"Unasemaje wewe mwanamke?" Mzee mmoja alikuwa amesimama, fimbo mkononi.

"Nimesema hanywi maji. Tichafa, funga punda! Tunakwenda kliniki. Na ninyi, mmoja akimbie kwa jirani." Sauti ilimtetemeka lakini haikukatika. "Nileteeni chumvi."

Chumvi! Siku ile, uani pale, wazee wameshaitwa, wamefika! Walioko mbele walirudi nyuma. Hakuna aliyekimbia kwa jirani. Tichafa peke yake ndiye aliyekwenda, anapepesuka na koti lake, kuelekea kwa punda.

Mai Netsai aliinama juu ya kichwa cha wifi yake. Jua lilikuwa utosini. Tangu siku ile ya kliniki hakuwa amemeza kidonge hata kimoja, chumvi alikuwa ameila, damu yake ilikuwa imetulia, na Sista alikuwa amemweleza yote yakaeleweka.

Na nyuma ya bega lake, mahali ambapo hapakuwa na mtu, sauti aliyoijua kuliko zote ikamuuliza taratibu:

"Na yeye pia, Mai Netsai?"